Nistarini na Tramu ya Bagbazar

Nistarini hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa na uongo mmoja tu, akautunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa maziwa, nao ukamlisha miaka nenda miaka rudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hao hawakumjua mjane wetu wa mtaa wa Jorasanko. Uongo wenyewe ulikuwa huu: kwamba kila alfajiri alipanda tramu ya kwanza kwenda Bagbazar kwa ajili ya kuoga katika mto mtakatifu wa Ganga.

Kuoga alikuwa akioga, hilo halina ubishi. Alishuka ngazi za mtoni, akazama, akaomba, akajaza chungu chake cha shaba, akarudi na sari nyeupe inayochuruzika maji. Lakini mto haukuwa mbali na kwao hata kidogo. Kutoka uchochoro wao hadi ngazi za Ahiritola ni mwendo wa kutafuna tambuu moja, na kabla haijaisha ladha umeshafika. Mama Ganga ni yuleyule na maji ni yaleyale. Nistarini alikuwa akizipita ngazi kadhaa za kuogea huku amekaa juu ya benchi la tramu, ili akaoge kwenye ngazi za mbali kuliko zote. Ukimuuliza, majibu anayo mkononi. Ahiritola pana wanaume wanaojipaka mafuta hadharani bila haya. Nimtala wanachoma maiti, majivu yanakuingia puani. Sovabazar ngazi zina utelezi. Bagbazar ndiko maji safi, tena baraka zake mara mbili. Nani alizipima hizo baraka, hakusema.

Kweli ni kwamba alikuwa akienda kupanda tramu. Sisi majirani tulijua nusunusu, na tulinyamaza, maana kila mtu mtaani ana lake.

Mwanamke huyu aliolewa akiwa na umri wa miaka tisa, akafiwa na mume kabla hajatimiza kumi na nne. Kipindupindu kilimchukua yule kijana kati ya asubuhi na jioni. Wakamnyoa nywele, wakavunja bangili zake, wakamvisha sari isiyo na mpaka wa rangi, wakamwambia samaki ndiyo basi tena. Ukitaka kujua uzito wa neno hilo, mwondolee Mbengali yeyote samaki kwa wiki moja umwangalie uso. Ukweni wakamrudisha kwa kaka yake, kama chombo kilichopasuka. Huko akalala chumba cha pembeni, akala mlo mmoja kwa siku, akafunga siku zote za kufunga, na jikoni akapika samaki wa watu wengine.

Kisha mke wa kaka akafa kwa uzazi, akaacha kitoto chekundu kinacholia. Hicho kitoto ndiye Shashadhar. Nistarini akamlea kwa maziwa ya mbuzi, akamwogesha, akamtisha na mazimwi, akamchapa pale alipostahili. Kaka naye alipofariki, Shashadhar alikuwa keshakuwa karani wa ofisi ya meli, mtu wa miwani na mwavuli, na nyumba ikawa yake. Akaoa mwanamke mtulivu anayeitwa Bibhabati. Hawa wawili walimheshimu shangazi yao, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Lakini kwanza tramu yenyewe.

Sasa hivi watu wanapiga kelele kwamba tramu inachelewesha magari. Wakati ule ndiyo iliyokuwa saa ya mji. Wazee wetu waliiona ile ya farasi, farasi walioletwa kwa meli wakaanguka barabarani kwa joto kama nzi. Nyaya zilipotundikwa, Barabara ya Chitpur ilitaharuki. Watu walisema moto unakimbia ndani ya waya na utashuka kuwachukua wenye dhambi. Wakopeshaji wawili wakahama upande wa pili wa barabara. Halafu tramu ya umeme ikapita, hakuna aliyeungua, na kabla mwaka haujaisha watu hao hao wakawa wanagombania siti. Barabara ya Chitpur ni nyembamba, na tramu ilipita karibu na vibaraza kiasi kwamba mwenye duka la manukato angeweza kukupaka shingoni bila kuinuka alipokaa. Ilipita penye watengeneza ngoma, penye ofisi za vikundi vya michezo ya kuigiza, halafu Kumartuli, kwa wafinyanzi wa sanamu, ambako miungu ya majani makavu, haijapakwa udongo bado, ilisimama nje imeegemea ukuta ikisubiri sikukuu. Dereva alikanyaga kengele yake kwa mguu, ting-ting, na mji ukaamka.

Tramu ya kwanza ilikuwa ya wajane. Walikaa behewa la nyuma, daraja la pili, vyungu vya shaba katikati ya miguu, midomo ikisali na kusengenya kwa zamu. Nistarini hakukubali daraja la kwanza hata ungemlipia. Kule viti vina ngozi ya ng'ombe, alisema, hakukaliki. Daraja la pili ni mbao tupu. Siku moja jirani mchokozi alimuuliza: wewe unayejiogesha Ganga ukatakasika, halafu unarudi umekaa kwenye benchi alilokalia kila mtu, wa tabaka la juu na la chini, utakaso gani huo? Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto mjinga. Akamjibu kwamba tramu inatembea kwa umeme, umeme ni moto, na moto haujawahi kunajisika tangu dunia iumbwe.

Kondakta wa behewa lile aliitwa Yakub, Mwislamu wa Bihar, mrefu, mwembamba, na mwenye subira. Wajane waliokwisha kuoga hawaguswi. Akikugusa mtu, umerudi kwenye uchafu, na inabidi ukaoge tena. Kwa hiyo Yakub alijifunza kudondosha tiketi na chenji kutoka juu, zikatua kwenye kiganja cha mtu bila kidole kukutana na kidole, hata tramu ikiwa inayumba kwenye kona. Alikuwa hodari kweli. Nistarini alimchokoza kila siku, na kila siku Yakub alimwambia, "Pokea mama, mvua hiyo inanyesha." Huo ndio ulikuwa urafiki wao.

Mwaka madereva walipogoma, tramu zikalala depo, na Nistarini naye akalala. Homa isiyo na jina. Daktari akaja, akapapasa, akaandika, akaenda. Shashadhar akasema atamkodia riksha impeleke mtoni. Shangazi akageukia ukutani, akasema riksha inamtia kichefuchefu. Siku kengele iliposikika tena barabarani, aliinuka akatafuta chungu chake, na homa haikuonekana tena. Bibhabati aliliona hilo. Shashadhar hakuliona, maana wanaume wa miwani huona mbali tu.

Basi, ikawa mwezi wa mvua kubwa, naye Nistarini akikaribia miaka sitini. Asubuhi hiyo, wakati wa kurudi, alikuwa akishuka kituo chake, kidaraja cha behewa kimelowa. Mguu ukateleza. Goti likagonga chuma, chungu kikaruka kikamwaga Ganga yote barabarani, na mwili wote ungefuata kama Yakub hangemdaka mkono, mkono mtupu, uliotakaswa na maji matakatifu muda si mrefu.

Wajane waliacha kusali. Yakub mwenyewe aliganda na macho yamemtoka, hajui amwachie aanguke au aendelee kumshika aonekane mkosaji.

"Sasa umekwisha kunishika," Nistarini akamwambia. "Basi shika vizuri, nisije nikaanguka mara ya pili."

Akashushwa pole pole kama yai. Kisha akachechemea hadi nyumbani, wala hakurudi mtoni kuoga tena, na hilo ndilo lililowakera wajane kuliko lote. Kabla chai haijachemka habari ilikuwa imefika uchochoroni, imeongezwa chumvi na pilipili.

Shashadhar aliposikia hakuuliza nani amemgusa nani. Aliulizia goti. Akalitazama lilivyovimba, akavua miwani akaifuta muda mrefu, akaondoka kwenda ofisini bila kula. Jioni aliporudi alikuwa ameamua. Alisema kwa upole kwamba Shangazi haendi tena Bagbazar. Nistarini akamwambia hakuna binadamu anayeweza kusimama kati ya mjane na Mama Ganga. Hilo lilikuwa kombora lake la siku zote, na halijawahi kukosa shabaha.

"Sisimami katikati," Shashadhar akasema. "Namleta Ganga hapa."

Mji wetu una mabomba ya namna mbili, moja la maji yaliyochujwa ya kunywa, jingine la maji ya mto yalivyo, na tope lake, ya kuoshea barabara na nyua. Shashadhar aliomba kibali, akaita fundi bomba, wakachimba ua, na baada ya siku chache kukawa na bomba jipya kando ya kisima. Ukifungua koki, Ganga mwenyewe anatoka, rangi ya chai ya maziwa. Majirani walikuja kutazama. Kila mmoja alisema mpwa gani huyu, watoto wangu hata glasi ya maji hawanipi. Nistarini alisimama barazani na goti lake lililofungwa kitambaa, akajiona kama anazungushiwa uzio, mti mmoja baada ya mwingine, na kila mti umefungwa kwa mapenzi.

Hapo ndipo akaanza kupigana, na alipigana vizuri.

Kwanza akauliza juu ya washa. Ndani ya koki, alisema, kuna kile kiduara cha kuzuia maji yasivuje, nacho ni cha ngozi. Ngozi ya mnyama gani? Fundi bomba alikuna kichwa, akakiri hajui, lakini kwa hakika si ya samaki. Maji yanayopita juu ya ngozi ya ng'ombe yamwagwe kichwani mwa mjane wa ukoo wa tabaka la juu wa Mukhopadhyay? Shashadhar aliona haya mbele ya fundi. Kesho yake washa ya ngozi ikatolewa, ikatiwa ya mpira.

Akauliza juu ya bomba lenyewe: limepita chini ya nyumba za nani, chini ya mitaro gani na vyoo gani? Shashadhar akaenda kwa kuhani wa familia. Kuhani alikula peremende za maziwa mpaka sahani ikabaki tupu, akafikiri, akatamka kwamba maji yanayotembea hujitakasa yenyewe, na kama shaka ingalipo, zawadi ndogo kwa mtu mtakatifu inaiondoa. Mtu mtakatifu alikuwa amekaa pale pale. Zawadi ikatolewa, shaka ikaondoka.

Nistarini akabaki na karata moja, na hiyo ilikuwa turufu. Angesema ameota. Mama Ganga amemtokea ndotoni, amekaa juu ya mamba wake kama kwenye picha za hekaluni, amekunja uso, amesema: "Nistarini, umenifunga kwenye bomba?" Hakuna kuhani anayeweza kubishana na ndoto, na hakuna mpwa anayethubutu. Mchana ule alipokuwa akichambua mchele aliipanga ile ndoto vizuri, hadi rangi ya sari ya mungu, hadi sauti. Ilimpendeza. Aliitoa sauti kidogo, akaijaribu, na Bibhabati aliyekuwa jikoni akainua kichwa.

Asubuhi ya kubariki bomba, ua ulifagiliwa. Kuhani aliweka maua na ubani. Shashadhar alileta kibao kidogo kipya cha mbao alichomchongeshea shangazi akalie akioga, na pembeni ameweka mpini wa chuma wa kushikilia, ili goti lisipate shida. Nistarini alikaa. Akafungua mdomo aanze: jana nimeota.

Lakini Shashadhar alikuwa amechuchumaa mbele yake. Mtu mzima, karani, mvi zimeanza masikioni. Alikuwa akikinga mikono chini ya koki ili maji ya kwanza amwagie miguu yake kwa mikono yake mwenyewe.

"Shangazi, nilikufuata tramuni," akasema kwa sauti ndogo, kuhani asisikie. "Siku moja kabla hujaanguka. Nilitaka kujua kwa nini unaenda mbali hivyo. Nikakuona unaning'inia mlangoni kabla tramu haijasimama. Nimekuwa sina mama tangu siku niliyozaliwa, nina wewe. Ukinivunjikia pale barabarani mimi nitakuwa mtu wa nani?"

Ndoto ikamkwama kooni. Waongo wengi wangeimeza kidogo kisha waitoe, lakini yeye, kama nilivyosema, hakuwa mwongo kwa tabia. Alimtazama utosini kule nywele zilikokuwa zinapungua, mahali alipompaka mafuta ya haradali akiwa mtoto. Alijisikia aibu, tena alijisikia hasira, maana alikuwa amekaribia kushinda.

"Mimi siendi kwa Ganga," akasema.

Kuhani akaacha kupunga ubani.

"Naenda kwa tramu."

Shashadhar akadhani hajasikia. Bibhabati, aliyekuwa amesimama na taulo, aliuvuta ushungi wa sari, lakini hakushangaa.

Nistarini aliyasema yote hapo hapo juu ya kibao, bila kupamba. Mwaka alioolewa ndio mwaka tramu ya umeme ilipoanza kupita Chitpur. Nyumba ya ukweni ilikuwa imejaa watu, na bibi arusi haongei na mumewe mchana mbele ya wakubwa, na usiku alikuwa akilala na mama mkwe kwa kuwa ni mtoto. Miezi ikapita hajamsikia mumewe sauti. Siku moja ya sikukuu yule kijana akaombewa ruhusa na dada yake, akampeleka mkewe kupanda tramu, kwenda Bagbazar na kurudi. Mle ndani hapakuwa na mkwe wala shemeji. Wote walikuwa wageni watupu, wala hawakuwajali.

"Tulipofika Kumartuli, amekaa pembeni yangu, akaniuliza kama naogopa," Nistarini akasema. "Kwa jina langu. Alinitaja jina. Mimi nimejifunika mpaka kidevuni, nimeona haya, sikumjibu. Nilijiambia nitamjibu siku nyingine. Siku nyingine haikuwapo, baba. Tulikaa nyumba moja miaka minne, na hilo ndilo neno pekee aliloniambia mchana."

Maji ya koki yalikuwa yanamwagika ovyo uani, na Bibhabati akainama akaifunga.

"Nikipanda pale nakaa kimya, tramu inapita Kumartuli, namjibu," akasema. "Namwambia siogopi. Kwingine kote siwezi. Nikikaa juu ya hiki kibao chako nitakuwa namwambia nani? Ukuta?"

Kuhani alikusanya maua yake taratibu. Kwenye vitabu vyake hapakuwa na hukumu ya jambo kama hili, na sifa moja aliyokuwa nayo ni kujua wakati wa kwenda nyumbani.

Shashadhar alikaa pale pale ameloa magoti. Mtu akikulea tangu siku ya kwanza unadhani unamjua hadi ndani ya mifupa, na yeye alikuwa hajui hata kwamba shangazi yake aliwahi kuwa na mume mwenye sauti. Alimwona kila siku katika sari ile nyeupe, akadhani amezaliwa nayo. Hatimaye aliinuka, akasema goti likipona watazungumza. Nistarini hakujua maana yake ni nini, akaingia chumbani kwake, na moyo wake ulikuwa mzito, maana siri aliyoila miaka yote alikuwa amewagawia watu, na huenda akawa ameigawa bure.

Goti lilipona. Bomba lilitumika kuoshea masufuria. Na alfajiri moja, mvua zimekatika, Nistarini alifungua mlango wa uchochoro na chungu chake, akamkuta Shashadhar amesimama nje na mwavuli wake na viatu vya ofisi. Mpwa alimshika kiwiko hadi kituoni, akampandisha daraja la pili katikati ya wajane, ambao waliangaliana. Yakub alimwona, akatabasamu chini kwa chini, akadondosha tiketi kutoka juu.

Nistarini akakaa karibu na dirisha. Pembeni yake benchi lilikuwa wazi. Shashadhar alilitazama, akaanza kuinama akae, kisha akajirudi. Akasimama, akashika kamba ya juu, mwavuli kwapani, kila kona ikimyumbisha.

Sovabazar akapanda bwana mmoja mnene na taulo lake begani, anahema, akaona nafasi, akaielekea.

Shashadhar akanyoosha mkono akaizuia.

"Samahani, kaka," akasema. "Hapo pana mtu."